Mraba Niliouchora Juu ya Shamba la Mama

Nimekosa. Naliandika neno hilo kwa hati nzuri, maana hati yangu ilisifiwa chuoni, na diploma ya kilimo ninayo. Katika kijiji chetu, hapa karibu na Ngao, hakuna mwingine aliye nayo. Wala hakuna mwingine aliyeitumia kuliharibu shamba la mama yake. Hongera zangu!

Mama yetu aligawa shamba akiwa bado na nguvu zake. Hakuita karani. Alianza pale maji yanapogusa ardhi, akatembea moja kwa moja mpaka kichakani nyuma, na sisi watoto watatu tukamfuata tukipanda machipukizi ya migomba kila alipopita. Vikapatikana vipande vitatu, virefu na vyembamba, vimelala kama mikeka iliyotandazwa kuelekea mtoni.

"Kila mmoja wenu aguse maji, na kila mmoja aguse kichaka," alisema. "Nikifa msije mkanigeuzia."

Mtu yeyote wa mto huu anajua sababu. Mwaka wa maji machache, ni ukingoni tu ambako kitu huiva. Mwaka wa maji mengi, mto hula ukingo, lakini huacha tope huko nyuma na mpunga ukakubali. Mwenye kipande kirefu hakosi cha kupika. Nami nilijua, nilizaliwa hapa! Lakini huko bara nilifundishwa kwamba shamba la kisasa ni la mraba.

Mama alifariki nikiwa masomoni. Niliposhuka kwenye lori pale Garsen nilikuwa na kofia ngumu, soksi za kufika magotini kama za DC, Mzungu wa wilaya, na mnyororo wa kupimia ardhi. Nilikuwa nimeona ofisini kwake picha ya Malkia mpya wa Waingereza ukutani, nikawaza kwamba kando yake pana nafasi ya picha yangu.

Nikawaita dada yangu mkubwa, Habona, na mdogo wetu, Buya.

"Nataka tumuenzi Mama," nikawaambia. "Vipande hivi vyembamba ni aibu. Nitavipima upya."

"Utamuenzi kwa kung'oa migomba yake?" Habona akauliza.

"Dada, hii ni sayansi."

"Na hiyo sayansi imekupa wewe upande gani?"

Eh! Ilinipa ukingo wote. Mwenye elimu ndiye awezaye kuutunza ukingo, sivyo? Habona nikampa katikati. Buya, aliyemuuguza Mama mpaka mwisho, nikampa nyuma kabisa, nikamwambia kule kuna hewa nzuri.

"Sawa, kaka," Buya akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikadhani ananisifu.

Mwaka ule maji yalikuja kidogo, yakaishia kwangu. Mahindi yangu yakasimama kama askari wa gwaride! Kila mgeni nilimpitisha shambani, nikamweleza maajabu ya vipimo. Ya Habona yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kwa Buya hata nguruwe pori hawakwenda. Wangefuata nini?

Buya alikuja kwangu. "Kaka, nipe upenyo hapo ukingoni nipande ndizi. Upana wa mtumbwi tu."

"Nikianza kukatakata, mraba utaharibika."

Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu!

Akaondoka kwenda Kipini, mto unapoingia baharini, kuvuta nyavu za watu.

Msimu uliofuata mto ulikuja wote. Nilikuwa nimesimama pale na soksi zangu, nikasikia ardhi ikipasuka, nikaona mahindi yakiingia majini yakiwa wima, mstari baada ya mstari, kwa nidhamu kabisa. Maji yalipopungua, mraba wangu ulikuwa katikati ya mto. Diploma ilisalimika. Ilikuwa sandukuni.

Kwa Habona tope lilijaa na mpunga ukaota kama nywele. Nikamwendea, kofia mkononi. Alimaliza kupepeta kwanza.

"Karibu, Bwana Sayansi. Umekuja kupima?"

"Dada, sina pa kupanda hata mche mmoja."

Akachukua jembe, akanipeleka mpaka ukingo mpya. Akaanza pale maji yanapogusa ardhi, akatembea mpaka kichakani, nami nyuma yake nikichimba mashimo ya migomba. Vipande vitatu, vyembamba vilevile.

"Hiki changu, kile chako," akasema. "Na cha katikati ni cha Buya. Utakilima wewe mpaka arudi, na mavuno yake usiyaguse."

Nilituma salamu kwa kila aliyeshuka mto: arudi, shamba limekuwa la Mama tena. Jibu likaja: "Mwambieni kaka nimesikia. Lakini mnyororo wake bado anao."

Misimu imepita. Mpunga wa Buya umejaa ghalani kwa Habona, mwenyewe hayupo.

Nyinyi mnaorudi na vyeti, nisikilizeni mimi bingwa wa vipimo. Mkitaka kuwaenzi mama zenu, acheni mgawo wao kama walivyouacha. Ukijikuta unasema ni kwa ajili ya Mama, tazama kwanza umejipa wewe upande gani.

Na wewe uliyeko Kipini, kama utasomewa haya: mnyororo umefungiwa mbuzi wa dada. Migomba yako imezaa. Na upana wa kipande chako, mdogo wangu, unapita wa mtumbwi.