Chupa Nane za Marcelina

Mtaa mzima wa Kasingirima, Ujiji, ulimjua Marcelina kwa mkono wake wa chumvi. Samaki mgebuka akishapakwa chumvi ya Uvinza na mkono ule, anafika Tabora bado anaringa. Mumewe Pastory alijulikana kwa mgongo. Alikuwa kuli wa bandarini, na wasemao husema siku moja alipiga chafya akiwa na magunia mawili ya saruji, meli ikasogea yenyewe.

Sasa mgongo huo ulikuwa umelala wodi ya upasuaji, tumbo limeshonwa juu hadi chini baada ya utumbo kujisokota.

Marcelina hakulia. Tangu jana asubuhi alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Akipewa pole, anasema asante. Akipewa uji, anakunywa. Wangempa sabuni angeitafuna.

Kitanda cha pili alikuwepo Vénérande, Mrundi anayemuuguza mama yake.

"Mugenzi," alimwambia jana ile, "rafiki yangu, mbona maji ya mzee yanadondoka kama bomba la mtaani kwetu? Mama yangu alimaliza chupa kumi, akainuka akadai ugali. Ongeza!"

Na Ujiji ndivyo ilivyo: mgonjwa asiyetundikiwa maji hajatibiwa, na mapenzi ya ndugu hupimwa kwa chupa. Marcelina akaenda duka la dawa, akarudi na chupa nane za maji ya chumvi chini ya kanga. Nesi Diana, mmoja kwa vitanda thelathini, akigeuka tu, Marcelina anafungua kigurudumu cha mrija mpaka mwisho, maji yatiririke. Chupa ikikauka, anatundika ya kwake, tupu inaingia kikapuni mwake. Diana akirudi anakuta chupa inaning'inia, anaamini ni ileile.

Leo adhuhuri Pastory akaanza kuhema, kifua juu, kifua chini, kama anayepanda mlima amelala.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Elikana.

"Marahaba."

Akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo, akachota damu kidogo kwenye kifundo cha mkono, ikapelekwa kwenye mashine. Aliporudi hakukaa.

"Mama, damu ya mzee ina asidi nyingi. Anahema hivi kwa sababu mapafu yanajaribu kuipunguza. Kwenye kadi naona chupa sita tu, hizo haziwezi kuleta hali hii. Naogopa utumbo unaoza ndani. Saa kumi tunamfungua tena."

"Atastahimili?"

"Sijui, mama. Kisu cha pili ni kizito kwake."

Marcelina alitazama kikapu. Akinyamaza, aibu inabaki kikapuni na mumewe anarudi kwenye kisu. Akakivuta kikapu, akakipindua sakafuni. Wodi nzima ikageuka.

"Mana yanje, Mungu wangu!" Vénérande alishika kichwa.

"Mama! Umetundika wewe?" Diana aliuliza.

"Mimi." Alisema kama anayetaja jina la mtaa wake.

Elikana alichuchumaa, akahesabu. "Nane. Na sita za kwetu, kumi na nne. Zote za chumvi?"

"Zote."

"Maji haya si mabaya, mama. Lakini yana kloraidi nyingi kuliko damu yenyewe. Yakiingia mengi, yanaisukuma damu kwenye asidi."

"Chumvi inaleta uchachu?"

"Mwilini, ikizidi hivi, ndiyo."

"Na wewe fundi wa chumvi!" Vénérande akadakia. "Umemkausha mzee kama mgebuka!"

"Nyamaza wewe," Diana akamkata. "Nani alimfundisha?"

Elikana akafunga mrija, akaagiza maji ya aina nyingine, ya Ringa, yadondoke taratibu. Hayo, alieleza, kloraidi yake ni ndogo, na yana laktati ambayo ini huigeuza ikapunguza asidi. "Tumbo ni laini, homa hana. Tunangoja. Lakini pumzi isiposhuka mpaka saa kumi, nafungua."

Diana akawa anahesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi. Thelathini na sita kwa dakika. Baadaye thelathini na moja. Marcelina alisikia namba zikipita kama majina ya watu asiowajua. Saa kumi kasorobo zilikuwa ishirini na nne, na mashine ikasema asidi imeanza kushuka.

"Hatumfungui," alisema Elikana. "Ila mama, kile kigurudumu ni cha nesi."

"Haya."

Aliingoja furaha ije. Haikuja. Pastory akafumbua jicho moja.

"Mbona unanitazama kama gunia lililopasuka?"

"Nakutazama tu."

"Nipe maji ninywe."

"Bado," Diana alijibu toka mbali. "Midomo tu."

Marcelina akalowesha kitambaa, akamgusisha midomoni. Hakujua kama kilikuwa cha baridi au cha moto.