Mwezi wa Ng'ambo

Gervais, jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anachora mwezi, na akishaanza usimtume hata maji. Anatandaza kipande cha gunia la unga, anakipaka gundi na rangi nyeupe, kisha anachora jioni za kwao Uvira: ziwa, milima, anga linalogeuka buluu. Mwezi wenyewe haupaki. Anauzungushia rangi tu, ule weupe wa chini unabaki. Rangi anazifuata mjini Mbarara, na huko hoteli moja imetundika mbalamwezi zake nne ukutani.

Tulikuwa tukimtania kwamba mwezi wa Nakivale unaona wivu. Hakucheka. Siku moja aliniambia, brashi imemkaukia mkononi: "Da Pélagie, miaka kumi na mbili ni mingi. Sijue tena kama nakumbuka kwetu ao nabuni tu. Foto hata moja sina. Nikijua ni uongo, naacha kuchora."

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nikaacha. Mimi mwenyewe nimesahau rangi ya mlango wa mama yangu, na jambo hilo linaniuma sana.

Basi Bibi Ancilla, Mrundi wa mtaa wa pili, mkali kama pilipili, akamwagiza amchoree kwao Kabezi, mwezi mpevu ukichomoza jioni. Kabezi na Uvira zinatazamana, ziwa moja katikati. Gervais akasema ziwa ni ziwa, akachora kama siku zote, mwezi ukitoka ng'ambo ya maji.

Wiki mbili baadaye akaipeleka asubuhi, nami nikafuata kwa umbea wangu. Bibi akaisogeza mlangoni penye mwanga, akanuna.

"Hapa si kwetu."

"Koko, si ni ziwa..." Kwao bibi huitwa koko.

"Ziwa naliona! Kwetu mwezi hautoki majini. Unatoka milimani, nyuma ya nyumba, unaangaza migomba kwanza. Majini ndiko jua linakozama. Nimezaliwa pale, utanifundisha wewe?"

Gervais akaanza kuikunja picha. Nikajua hatashika brashi tena.

"Ngoja," bibi akasema. Aliinama, pua karibu iguse gunia, kidole kikifuata vilima vidogo vya buluu ng'ambo ya maji, chini ya mwezi. "Mabega mawili, na hili la tatu limelala. Hii ni milima yetu, ile ya nyuma ya nyumba. Nani alikuonyesha?"

"Hakuna mutu. Ni vile nilikuwa naionaka kwetu Uvira, pale Kalundu, kila mangaribi, nikikaa kando ya maji."

"Basi ulikuwa unaona vizuri," alisema bibi, na ukali wote ukamtoka. "Iko hivyo hivyo."

Gervais akaketi sakafuni, akalia bila haya. Nikageukia ukuta, maana mimi nikiona mtu mzima analia nami naanza.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akaweka kidole chini ya bega la pili. "Hapa nitilie moto. Jioni nilikuwa napikia nje."

Gervais akaenda kuleta rangi, akatia nukta ya manjano kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Bibi akaiinamia tena.

"Kweli moto wangu ulikuwa unaonekana huko kwenu?"

Gervais ni mlokole, uongo haumtoki hata wa kumfurahisha mtu.

"Mioto ilikuwa inaonekanaka mingi, Koko," akasema. "Sikujua tu kama moja ni ya kwako."