Darasa Lililopigiwa Makofi

Binti yangu wa mwisho alipotoka darasa la nne na pursa sabini na nane, yaani alama sabini na nane kwa mia, tulimmwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi ya Goma mtoto akifaulu, mpaka nyusi zikapotea. Mimi ndiye niliyemwaga nyingi kuliko wote. Buleti yake, karatasi ya matokeo, niliizungusha mtaa wetu wote wa Mabanga, nikawaonyesha hata watu ambao hatusalimiani. Sabini na nane! Tena katika shule ya serikali, ambako vyoo havina milango na mtoto anatoka nyumbani na chaki yake mfukoni. Nilijiona mzazi mwenye bahati kuliko wote wa mtaa ule.

Likizo ile ile miwani yangu ikavunjika. Mtu aliikalia kwenye matanga, akainuka, akajipangusa, hata pole hakusema. Mimi nauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, na mama anayeniuzia kule ufukweni Kituku huwa ananiandikia kwenye simu. Jioni moja simu ikalia, nikampa binti yangu anisomee. Aliitazama, midomo ikachezacheza, akasema bila wasiwasi: "Anasema ukuje mapema, samaki iko mingi."

Alfajiri nikabeba beseni langu, nikashuka kwa miguu toka Mabanga mpaka Kituku. Yule mama aliponiona akashika kiuno, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Ekiee! Si nilikuandikia usikuje? Ziwa imechafuka toka jana, hakuna hata samaki moya!"

Nilirudi na beseni tupu na hasira zangu zote. Mbele ya nyumba yetu kuna kiwanja ambacho ndugu wawili wanagombania, na kwenye ukuta wake wameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa ambazo hata mimi bila miwani naziona: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Nikamwita mtoto. "Soma pale." Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama ukuta tena.

"Wameandika: Karibuni."

Nilicheka, Mungu wangu, nilicheka sana. Halafu nikaingia ndani nikalia. Mtoto ana akili, ndicho kilichoniuma. Alikuwa amejua mwenyewe watu huandika nini kwenye simu na kwenye kuta, akawa anabahatisha mbele yetu sote, na kwa ujanja ule amevuka madarasa manne.

Masomo yalipoanza nikaenda shuleni. Mwalimu wa darasa la tano ni mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu vilivyokwisha visigino. Tangu mabenki yafunge milango hapa mjini, mshahara wake unakuja unavyotaka wenyewe. Nikamweleza habari ya ukuta. Hakushangaa hata kidogo.

"Mama, si wako peke yake," aliniambia. "Niko nabo wengi sana hapa. Tuliambiwa mutoto asianguke. Shule yenye batoto banaanguka inaletea direktere matatizo na inspekta, na bazazi nabo banahamisha batoto. Basi tunaandika pursa."

"Na sabini na nane ilitoka wapi?"

"Anakariri muzuri. Anaongea na sauti. Mwenye anakariri tunamupandisha."

Nilisikia kinyaa, kinyaa kabisa, kama mtu aliyefungua gunia la dagaa na kukuta funza. Nilikuwa nimemwaga poda juu ya kitu gani? Nilitaka kumtukana mwalimu yule, lakini akaongeza neno lililonifunga mdomo. Alisema wasiojua kusoma amewaweka mabenchi ya mbele, na kila siku wenzao wakitoka anabaki nao, anawaandikia ba, be, bi ubaoni, mmoja mmoja. "Nipatie huu mwaka, mama. Atasoma. Ila nibakie na hii kalasi yangu."

Kalasi ile, chumba chake cha darasa, ilikuwa na shida moja tu: dirisha lake lilitazama barabara. Chumba cha jirani yake nacho kilitazama barabara, na mwaka uliopita direktere, mkuu wa shule, alikigeuza kuwa boutiki ya magodoro, eti kwa faida ya shule. Faida yenyewe sikuiona hata kwenye mlango wa choo. Sasa alitaka na hiki. Watoto wa darasa la tano wangepelekwa nyuma, chini ya turubai, pamoja na darasa lingine la tano, migongo kwa migongo, walimu wawili wakipigiana kelele. Hapo ba, be, bi angeandikiwa nani? Na baada ya la tano ni la sita, lenye mtihani wa taifa, ambao direktere hausahihishi. Binti yangu angeufikia hivyo hivyo, akisoma Karibuni kwenye kila ukuta.

Nikamuuliza mwalimu ni nani aliyekubali chumba cha kwanza kiwe duka la magodoro. Akaniambia: "Bazazi. Mulipiga makofi."

Yeyote aliyeketi kwenye mkutano wa Goma ananielewa. Huku hatunyoshi mikono, hatuhesabu watu. Makofi ndiyo salamu, ndiyo pole, ndiyo amina. Anaingia mkubwa, makofi. Anakohoa, anakunywa maji, anaendelea, makofi. Kumnyima mtu makofi ni kama kumwachia mkono wake hewani anapokusalimia, na sisi tumelelewa vizuri, hatuwezi. Direktere wetu anaijua adabu hiyo kuliko anavyojua hesabu. Anamwita mama mkongwe kuliko wote, tunampigia makofi. Anataja marehemu, tunapiga. Katikati anapenyeza jambo lake kwa sauti ile ile tamu, mikono yetu bado ina moto, tunapiga, naye anamgeukia katibu wa komite ya wazazi: "Andika, imepita kwa makofi." Tunaenda nyumbani tukisifu mkutano ulivyokuwa mzuri. Tunavishwa kilemba cha ukoka na tunasema asante.

Mkutano mwingine ulitangazwa, wa Jumamosi. Nikaamua safari hii hatapata hata kofi moja.

Nilizunguka. Nyumba kwa nyumba, meza kwa meza sokoni, nikisema jambo lile lile: siku hiyo mikono juu ya magoti, mpaka tusikie chumba kinakwenda wapi. Wengine walinicheka. "We mama, utatufanya tuonekane hatuna adabu!" Mmoja akaniambia niache, samaki mmoja akioza wote wameoza, nchi yote ndivyo ilivyo. Aka! Mimi nauza samaki. Aliyeoza unamtoa unamtupa, na wengine unawauza. Nilimwambia hivyo hivyo, nikaenda meza nyingine.

Aliyenisaidia kweli ni muzee mmoja Mwislamu, mwenye asili ya Maniema, aliyeendesha malori miaka yake yote na sasa anamlea mjukuu anayesoma benchi moja na binti yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mama, mimi nimesimamishwa na babarriere ya kila rangi, wale wa kufunga barabara na kudai pesa. Huyu direktere ni barriere tu, ila amevaa kravati. Nitaketi mbele, na mikono yangu nitaikalia." Akaongea na wanaume msikitini na kwenye parkingi. Mpaka Ijumaa, karibu wote walikuwa wamekubali.

Nyumbani binti yangu alikuwa na furaha yake ya siri. Alifua shati lake jeupe mwenyewe, akalianika, akalilinda na vumbi. Nilipomuuliza akasema Jumamosi nitaona. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mkutano, sikufuatilia.

Jumamosi tukakaa uani mwa shule, mabenchi yametolewa madarasani na kupangwa juu ya mawe meusi ya volkano. Direktere akaingia na suti yake. Kimya. Akasimama akingoja kidogo, akitabasamu. Kimya. Akasema, "Bazazi bapenzi, tuwapigie makofi bamama, ndio nguzo ya masomo yetu." Mikono juu ya magoti, mabenchi yote! Kuku wa jirani alisikika. Muzee wangu alikuwa amekalia mikono yake kweli, mgongo wake umenyooka kama mtoto anayepigwa picha. Nawaambia, nilisikia raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Direktere akafuta paji la uso. Akaeleza mpango wa boutiki mpya, maendeleo, rangi ya kuta, akamaliza. Kimya. Lakini mtu yule ana macho makavu. Alitazama mabenchi polepole, macho yake yakafika kwangu, yakakaa. Akatabasamu.

"Bon. Naona bazazi biko na kasirani na miye. Basi miye sitaongea tena. Mutoto njo ataongea."

Akatoka binti yangu.

Shati jeupe, sketi ya bluu, nywele zimesukwa na mwanamke ambaye si mimi. Alishika karatasi kwa mikono miwili. Akaanza kwa sauti ile nzuri iliyompandisha madarasa manne: "Wazazi wetu wapenzi, sisi wanafunzi wa darasa la tano tunawasalimu kwa heshima kubwa." Kidole chake kilitembea chini ya mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kikishuka, kikianza tena. Alisema watoto wanaipenda shule yao, wanaona juhudi za direktere, na kwa moyo mweupe wanatoa chumba chao ili shule iendelee. Alifika mwisho, akageuza karatasi, akaendelea. Hakukosea hata neno.

Nilitazama kile kidole. Walikuwa wamempa siku nyingi, wakamkalisha, wakamfundisha mahali pa kupumua, mahali pa kugeuza ukurasa, namna ya kuinua macho. Muda wa kumfundisha kuigiza kusoma waliupata. Mwalimu wake alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, anatazama visigino vyake.

"Asanteni," akamaliza binti yangu, akapiga goti kidogo.

Kimya.

Kilikuwa kimya changu. Mimi ndiye niliyekijenga, nyumba kwa nyumba. Mtoto akabaki amesimama, karatasi kifuani, akingoja. Tabasamu lake likaanza kutetemeka upande mmoja. Macho yake yalianza kunitafuta katika mabenchi, na watu nao wakageuka, maana walijua ni wa nani. Hata muzee aligeuka, makalio bado juu ya mikono, akanitazama kwa macho ya kuuliza, tufanyeje, mama?

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. "Direktere, mpe karatasi nyingine yoyote asome." Hapo wazazi wote wangejua pursa zetu zimetengenezwa na nini, chumba kingebaki, na mtu yule angetafuta pa kuficha uso. Neno lilikuwa juu ya ulimi. Lakini macho ya mtoto yakanipata, akaona nimeinuka, uso wake wote ukafunguka. Alidhani nimesimama kwa ajili yake.

Nikapiga makofi.

Nilipiga kwa nguvu, peke yangu, viganja vikauma. Halafu mama aliye kando yangu akapiga, halafu benchi lake, halafu uwanja mzima, watu wakipiga kwa furaha ya mtu aliyeruhusiwa kwenda kukojoa, wamechoka kukosa adabu. Muzee akatoa mikono yake chini, akaitazama, akapiga naye, taratibu, bila kunitazama tena. Katikati ya kelele hiyo nikamsikia direktere, wala hakupaza sauti:

"Katibu, andika. Kwa makofi ya bazazi bote."

Hatujatoka uani, mafundi wawili wakaingia na nyundo. Walikuwa wamekaa nje ya lango tangu asubuhi na chakula chao kwenye mfuko, wameshaahidiwa kazi. Wakaenda moja kwa moja kwenye dirisha linalotazama barabara, mmoja akatema mate mikononi, wakaanza kupiga ukuta ili dirisha liwe mlango wa duka. Ubao ulikuwa bado umetundikwa mle ndani, na juu yake mwandiko wa mwalimu wa jana yake. Vumbi likatoka ubaoni na kuturukia sote nguoni.

Binti yangu akaja akikimbia kati ya watu, karatasi bado mkononi. Akanishika kitenge. Ilimbidi apaze sauti kwa ajili ya nyundo.

"Mama! Nilisoma muzuri?"

Nilimpangusa vumbi kwenye shati, begani, kisha mgongoni, nikichelewesha.

"Ulisoma, mama yangu," nikamwambia. "Ulisoma muzuri sana."