Glia, Kifafa na Kikombe cha Minza

Siku yangu ya kwanza kazini kama tabibu, kule Mwanhuzi, watu walinipokea kwa kukimbia. Msichana alikuwa ameanguka kifafa kwenye korido ya kliniki ya afya ya akili, na wagonjwa, ndugu zao, hata mhudumu aliyekuwa anapiga deki, wakatawanyika. Iliaminika kwamba povu lake likikugusa, au akijamba ukiwa karibu, ugonjwa ni wako. Aliyebaki ni Muuguzi Mfawidhi, mama mnene asiyependa maneno mengi. Alipiga magoti.

"Kijana, cheti chako kinasemaje? Kukodoa macho?" aliniuliza. "Mlaze ubavu. Shika kichwa, na usimtie chochote mdomoni."

Nikashika. Msichana huyo ndiye Minza. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimekunjamana kwa kovu la moto. Aliwahi kuangukia mafiga, na waliokuwepo wakasimama pembeni wakimtazama anaungua. Baba yake, mfugaji, alituambia bila kuona haya kwamba binti ana sahani yake na kikombe chake, na vinakaa nje. Hasira niliyoipata siku ile ndiyo iliyonibakiza kwenye kitengo ambacho wenzangu walikiogopa kama ukoma. Nilitaka jambo moja tu katika utumishi wangu: mtu akianguka, watu wamsogelee.

Nikahamishiwa Malampaka. Huko nilihubiri kwamba kifafa hakiambukizi mpaka sauti ikakauka. Watu waliniuliza swali la haki kabisa: kama hakitoki kwa mtu, kinatoka wapi? Jibu lenye mashiko nililipata nilipohamia Bariadi, alipotutembelea Daktari Bingwa wa ubongo.

"Ninyi mnazisifia neva tu," alitusuta. "Neva ndizo zinazopiga kelele, sawa. Lakini anayefanya kelele iishe ni glia."

Glia, vijana wangu mnaoanza kazi hii, ni seli zinazoishi katikati ya neva. Zamani zilidhaniwa kuwa gundi tu ya kuzishikilia. Kumbe husaidia kuzilisha neva, na zaidi ya hapo, neva moja ikimwaga kemikali ya kuiamsha jirani yake, glia zenye umbo la nyota hufyonza inayobaki, pamoja na potasiamu inayotoka ndani ya neva, ili jirani apate kutulia. Bila kazi hiyo neva zingeamshana bila kikomo. Minza aliugua malaria ya ubongo utotoni. Palipoumia, glia zilivimba zikajenga kovu, na glia za kovuni hazifyonzi vizuri. Kemikali ikilundikana, neva zinalipuka kwa pamoja, na mtu anaanguka. Fenobabitoni, dawa anayomeza, haiondoi kovu. Inazituliza neva tu, ndiyo maana mgonjwa haachi dawa kwa sababu eti amepata nafuu.

Nilianza kufundisha hata makanisani baada ya ibada, nikitumia mfano wa majaruba ya mpunga, vile vipande vya shamba vyenye matuta: neva ni jaruba, glia ni mfereji wa kutolea maji. Mzee Luhende, mwenye duka pale Somanda, mjini Bariadi, na mzee wa kanisa, alinidaka kabla sijamaliza.

"Ala! Mfereji wa kutolea umeziba, maji yanafurikia jaruba la pili," alisema. "Basi ya Minza yatafurikaje mpaka kichwani kwangu?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Wakati huo Minza alikuwa amehamia mjini ili awe karibu na dawa, akiuza nyanya mbele ya duka la Luhende. Siku ya kuniaga, Mganga Mkuu wa Wilaya alisimama akasema, "Mzee, umetubadilishia watu." Nikavimba kichwa. Nani asingevimba?

Kisha nikastaafu, na kiharusi kidogo kikanipitia. Mkono ulirudi, lakini nilijua kinachojengwa kichwani mwangu. Kovu halina heshima kwa mwalimu wake.

Asubuhi moja nilikwenda dukani kwa Luhende kununua sukari. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mchanga mdomoni, na watu wameniwekea duara pana kuliko la ngoma. Niliyemwona karibu alikuwa mmoja. Kiganja chenye kovu kilikuwa chini ya shavu langu.

"Tulia, baba," Minza alisema. "Nipo hapa."

"Pole sana, Daktari," Luhende aliita kutoka mlangoni. "Tulimwita Minza haraka. Yeye anacho tayari, hakiwezi kumwongezea kitu."

Niliumia kuliko nilivyoumia kwa kiharusi. Hawakuwa wamesahau somo. Wangeweza kunisimulia lote, hata mfano wa mfereji. Nikaomba maji. Luhende akaweka kikombe cha maji chini, mbali, akarudi mlangoni. Minza akakifuata, akaninywesha.

Nilipomnyooshea Luhende kikombe chake, mzee wa kanisa aliweka mikono nyuma.

"Baki nacho tu, Daktari."

Ninakinywea hadi leo. Hapa nyumbani kwangu kinaoshwa peke yake, na mimi sikuagiza.