Mbuzi Asiye na Mshono

Kuna Alhamisi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio hupata moto. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, wala sitajipamba, kwa sababu nikijipamba hutaambulia kitu. Nami nataka uambulie, maana nilichokipata mimi siku zile ndicho kilichonilea mpaka nikafika umri huu wa kuamkiwa na kila mpita njia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani ni hapa hapa Kinondo. Nilikuwa nimemaliza shule, nangojea kuitwa kazi ya kufua nguo katika hoteli moja kule Diani, na mama akaona nisikae bure. Akanituma kwa Bi Mishi, mjane aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. "Nenda ukamsaidie bibi yako," aliniambia, "macho yanamwishia." Bi Mishi hakuwa bibi yangu wa damu, lakini kwetu mwanamke wa umri ule ni bibi wa watoto wote.

Kazi yake ilikuwa kufuma. Enzi zake alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, kofia za watoto wachanga, vyote kwa ile kulabu ndogo ya chuma. Mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili, vidole viliendelea na kazi kana kwamba havikuambiwa. Alivipapasa vitanzi vya uzi kwa kidole gumba, akavihesabu, midomo ikichezacheza. Alichoshindwa ni kushona. Kuutunga uzi kwenye tundu la sindano, kisha kuona mshono upite wapi, hilo hakuliweza tena. Kwa hivyo alipofuma wanyama wadogo wa kuchezea watoto, alifuma kichwa mbali, mwili mbali, miguu mbali na masikio mbali, akavijaza sufi ile ya mito, kisha akaningoja mimi nije nivishone pamoja.

Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuja kupenda kungojwa. Nilikuwa nikichelewa kidogo makusudi, ili nikiingia nisikie ile "Alhamdulillahi, umekuja!" yake, kifua kinijae. Siku moja alinishauri nimwonyeshe kushona binti wa jirani, ili nisilemewe peke yangu. Nikasema yule binti mikono yake mizito. Uongo mtupu. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, na hilo ndilo nililoliogopa.

Bi Mishi aliishi na mjukuu wake, Riziki, mtoto wa miaka mitano. Mamake Riziki alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na baba yake alikuwa akifanya kazi Voi, akija mara moja moja. Sasa baba alikuwa ameoa tena, amepata nyumba nzuri, na alitaka kumchukua bintiye aanze shule huko. Lilikuwa jambo la heri, lakini ilibidi mtoto amwache bibi aliyemlea. Bi Mishi alimuuliza aondoke na zawadi gani. Riziki akasema anataka mbuzi. Alikuwa akimpenda sana mbuzi wa jirani, akimfuata kutwa, na alijua hawezi kuondoka naye.

Basi Jumatatu Bi Mishi akaniambia, "Mwanasha, vipande vya mbuzi vimekamilika, tisa. Baba yake Riziki atakuja na gari la kuazima Alhamisi asubuhi. Njoo Jumatano alasiri unishonee, tafadhali. Mtoto asiondoke mikono mitupu."

"Inshallah, Bibi," nikasema.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, akaja rafiki yangu Saumu. Dada yake alikuwa anaolewa Ukunda, na siku ile ndiyo ya kumpaka hina. "Twende, tutarudi mapema," alisema. Nilisimama pale mlangoni nikafikiri, mwanangu. Usidhani nilisahau. Nilifikiri kabisa, nikajiambia: atangoja, siku zote hungoja. Nitakwenda kesho mapema. Nyumba ya Bi Mishi ilikuwa hatua chache tu, ningeweza kupita nikamwambia. Sikupita. Niliona haya kumwambia, nikaona heri nikae kimya.

Kule Ukunda tuliimba, tukala, tukapakwa hina na sisi hadi viwikoni. Hatukurudi mapema.

Alhamisi jua halijapanda sana nikafika kwa Bi Mishi. Nikapiga hodi. Alikuwa amekaa mkekani peke yake, na mbele yake vile vipande vimepangwa juu ya leso: mwili, miguu minne, masikio mawili, mkia. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alikuwa amejaribu kushona mwenyewe, akajidunga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Gari limeshaondoka."

Nikatazama vile vipande tena. Vilikuwa vinane.

"Kichwa kiko wapi, Bibi?"

"Amekwenda nacho. Alikungoja jana mpaka akalala palepale mlangoni. Leo asubuhi alipoambiwa apande gari, akachukua kichwa, akaniambia, 'Bibi, mwili utanifuata.'"

Hapo ningekaa chini nikaomba radhi. Badala yake nikafungua mdomo nikasema, "Nilikuwa na homa, Bibi. Tangu jana sikuweza hata kuinuka."

Bi Mishi akasema, bila kupandisha sauti, "Homa gani hiyo inayonukia hina na marashi? Macho yangu ndiyo yamepungua, Mwanasha. Pua bado ninayo."

Nilitoka pale bila hata kuaga, mikono nimeifunika kwa leso kama mwizi aliyeficha kitu.

Siku kumi na moja sikukanyaga kwake. Kila nikipita njia ile nilizunguka kwa nyuma. Kosa la kwanza, mwanangu, lilikuwa limezaa la pili, na la pili likazaa hili la tatu la kumkimbia mtu niliyemkosea. Mama hakuuliza kitu, lakini mama hujua. Siku ya kumi na mbili akanipa bakuli la kunde za nazi, akasema, "Mpelekee bibi yako. Na bakuli nalitaka leo leo." Yaani nisiliache mlangoni nikakimbia.

Nikamkuta Bi Mishi barazani anafuma. Mkononi alikuwa na mbuzi, mzima. Kichwa kipo, shingo ipo, mwili upo, miguu mitatu imesimama, na wa nne alikuwa akiumalizia. Nilijiambia, basi amepata mwingine wa kumshonea. Wivu ukanipanda, hata baada ya yote yale!

"Nani amekushonea, Bibi?"

"Hakuna. Mpapase."

Nikamchukua. Nikatafuta mshono shingoni, sikuuona. Nikatafuta kwenye mapaja, nyuma ya masikio, kwenye mkia. Hapakuwa na mshono hata mmoja. Nikamgeuza juu chini. Nikamvuta sikio, halikutikisika.

"Nilianzia puani," Bi Mishi akasema, na usoni ungemwona kama msichana aliyefaulu mtihani. "Nikapanua kichwa, nikapunguza shingoni, nikapanua tena mwili, mpaka mkiani, kitu kimoja bila kukata. Sufi naijaza humo humo ninapokwenda. Kisha nikarudi tumboni, nikapitisha kulabu chini ya vitanzi vya mwili wenyewe, nikavuta uzi mpya, nikazunguka, mguu ukaota. Kila mguu hivyo hivyo, na masikio. Nyuzi zilizobaki nimezivuta ndani kwa kulabu. Mwanzo ulinitoa jasho. Nimefumua mara sita. Wa kwanza alitoka na shingo ndefu kama twiga."

Akacheka. Mimi nikaanza kulia. Nililia kwa aibu, na niseme ukweli wote, nililia pia kwa kuona kwamba hanihitaji tena. Nikapiga magoti, nikasema, "Bibi, nisamehe. Sikuwa na homa. Nilikwenda Ukunda kwenye hina. Nilijua unaningoja, nikakuacha ungoje."

Akaushika mkono wangu. Maneno aliyoniambia nimeishi nayo, na sasa nakupa wewe.

"Hukunikosea kwa kwenda kwenye hina. Mimi nimekuwa msichana, nimelea wasichana, najua. Ungesema, 'Bibi, Jumatano sitaweza,' ningemwita binti wa jirani, na Riziki angeondoka na mbuzi wake. Ulichonikosea ni kunifungia milango mingine kisha usije. Tena nakuomba hili: usiniambie inshallah huku moyoni umeona ni sawa usije. Hapo unakuwa umenidanganya, na Mwenyezi Mungu umemfanya shahidi."

Nikangoja aendelee kunisema. Badala yake akasogea mkekani, akapiga pembeni yake kwa kiganja. "Nimemaliza kukusema. Sasa kaa, chukua kulabu ile nyingine. Nikufundishe."

"Unifundishe mimi, Bibi? Baada ya niliyoyafanya?"

"Nikifa nayo itamfaa nani?"

Fikiri, mwanangu. Mimi nilimnyima binti wa jirani mshono wa kawaida usio na siri yoyote, ili nibaki mimi tu. Yeye alikuwa na kitu kipya, amekitoa kichwani mwake gizani, kwa kufumua mara sita, na mtu wa kwanza aliyempa ni mimi niliyemtupa. Siku ile nilijifunza kufuma mnyama bila mshono. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kukukaripia kwa haki na mkono wake bado umekushika.

Idi ilipofika, Riziki alikuja na baba yake. Mbuzi alikuwa tayari, na Bi Mishi akasema mimi ndiye nitakayempa. Nilitamani ardhi inimeze. Nilichutama mbele ya mtoto wa miaka mitano nikasema, "Riziki, ile siku uliningoja nisije. Nilifanya vibaya. Naomba unisamehe." Akatia mkono ndani ya gauni lake la Idi akatoa kile kichwa, kimechakaa, sikio hakuna, kimelaliwa wiki baada ya wiki. Nilidhani atasema sasa hakihitaji. Alikishika karibu na mdomo wa yule mbuzi mzima, akatangaza, "Huyu ni mtoto wake. Bado hajaota miguu." Akakimbia nao wote wawili uani kumwonyesha mbuzi wa jirani. Nimesamehewa na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyenisamehe haraka vile.

Kazi ya hoteli niliipata, nikafua mashuka miaka kadhaa, kisha wageni wakapungua tukarudishwa nyumbani. Ndipo kulabu ikanishika mkono. Nilifuma mbuzi, kasa, mbega wenye mikia mirefu, nikapeleka Diani na Msambweni, na kwa kazi hiyo nimesomesha wanangu. Akina mama wageni walikuwa wakivuta miguu ya wanyama wangu kwa nguvu, wakiogopa mtoto asije akang'oa akameza, na hakuna mguu uliong'oka. Kila mara nikasema kimoyomoyo, Mungu amrehemu Bi Mishi. Yule binti wa jirani naye nilimwendea, nikamweleza uongo wangu juu ya mikono yake, nikamfundisha yote niliyofundishwa. Amekuwa ndugu yangu mpaka leo, na kufuma kwake kumepita kwangu. Nashukuru kwa hilo pia, ingawa ilinichukua muda kushukuru.

Sasa sikia, mwanangu, nikwambie waziwazi, usije ukasema bibi yako amepiga hadithi tu. Mtu akikungoja, usijivunie. Hiyo ni amana. Ukiona huwezi, sema huwezi, na useme mapema, hata kama uso utawaka moto, kwa sababu moto wa kusema ni wa dakika moja, na huu wangu umefika miaka arobaini. Ukishakosea usitafute homa ya uongo wala usizunguke njia ya nyuma. Nenda, kaa chini, taja ulichofanya kwa jina lake. Ukijua kitu, kitoe. Usikishike ili watu wakuhitaji. Watakuhitaji kwa wema wako, na hilo latosha. Na ukimpata mtu wa kukuambia kosa lako huku amekushika mkono, mshukuru akiwa hai. Mimi nilimshukuru Bi Mishi mara moja tu kwa mdomo, na natamani ingekuwa mia.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mkweli na mikono yenye baraka. Akupe wa kukukanya kwa upole, na akupe moyo wa kumsikiliza. Akufungulie riziki ya halali, uishi uwaone wajukuu wako, na popote utakapongojwa, ufike. Amin.