Maziwa ya Mama, Ujumbe wa Baba

Kifuniko cha mkebe wa maziwa kikianguka kwenye barabara ya murram hulia "krang!", kisha kinajizungusha, kinajizungusha, mpaka kinyamaze. Mlio huo ninausikia hata leo. Mama mmoja wa Karurumo ndiye aliyekiachilia, akainamisha mkebe na kumwaga maziwa yote mtaroni.

Alikuwa amesimama kando ya barabara asubuhi nzima akingoja lori la chama cha maziwa, jua likimchomea mkebe. Lori lilipofika, karani alionja akatema.

"Hii imeganda, mama. Si tulituma ujumbe kwamba lori limeharibika, mtoe maziwa mchana?"

"Mlinitumia mimi?"

"Tulimtumia mwanachama."

"Mwanachama ni mume wangu, na yuko Laare anafunga miraa! Mngemwambia basi aje ayanywe."

Wenzake kwenye foleni walicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa hapo kwa sababu chama kilikuwa kimenipa mkataba wa kurekebisha mfumo wa kompyuta. Mshauri wa programu! Baba yangu alijua tu kwamba natengeneza simu. Nilikuwa na cheti cha chuo kidogo cha Embu mjini na ndoto zisizotoshea nyumbani kwetu. Niliporudi ofisini siku hiyo nikafungua mfumo, nikaona: kila boma lina nafasi ya namba moja tu ya simu, ya mwenye shamba. Shamba ni la baba, kwa hivyo ng'ombe ni wa baba, kwa hivyo ujumbe ni wa baba. Anayeamka kukamua hayumo popote. Kwani ng'ombe hujikamua?

Basi Jumamosi na Jumapili, kwenye meza ya mama yangu, nikaanza kuunda programu yangu mwenyewe. Inampigia simu anayekamua na kumwambia kwa Kiembu lori liko wapi. Sauti, si maandishi, maana nani atasoma akiwa na mikono imejaa mafuta ya kukamulia? Akina mama walinipa namba zao wenyewe pale barabarani, wakinitania eti nawatafutia wachumba. Ikafanya kazi. Nilikuwa natembea nikijichekea.

Meneja wa chama akasikia, akaniita.

"Msichana, umefanya vizuri. Hiyo programu tunaichukua. Lakini toa namba za wanawake, weka za wanachama. Wazee wamelalamika."

"Wazee wanakamua?"

"Usiniletee siasa hapa. Tena kompyuta uliichaji kwa stima yetu."

"Nilitumia ya mama yangu."

"Haya. Toa hizo namba, ama mkataba uishe."

Mimi ni mtu wa kucheka, hasira sikuizoea. Ilinikaa kifuani kama githeri ya mahindi na maharagwe isiyoiva. Mkataba ule niliupenda jamani, kanisani walikuwa wameshauombea! Lakini nilimkumbuka yule mama akitikisa mkebe mpaka tone la mwisho, nikaiweka kadi ya ofisi mezani kwa meneja, programu nikabaki nayo. Akasema nina kichwa kigumu kwa mtu wa cheti. Nilipofika kwenye ngazi ndipo machozi yakatoka, na hata hayo yalikuwa ya hasira.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na asubuhi dereva wa lori, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyenijulisha lilipo, akanipigia. Amekwama kwenye matope, hatafika kabla ya mchana. Ofisi imeshatuma ujumbe wao, akasema. Nilijua ulikoenda: Laare, Makutano, kwa wanaume waliokuwa mbali na ng'ombe wao.

Kwetu hakukuwa na mtu. Nikatoka hadi nyuma ya jikoni, mbali na kelele za kuku, nikasafisha koo, nikaisogeza simu mdomoni. Nikasema polepole kwa Kiembu: "Mama, lori limekwama. Usitoke sasa. Weka mkebe kwenye maji baridi, kivulini, litafika mchana." Nikajisikiliza mara moja, nikarudia pale sauti ilipotetemeka, kisha nikautuma kwa zile namba za akina mama.