Mama mukwe alimumwagia paka yangu maji ya moto, kisha akaniita muchawi

Imetumwa na dada mumoja wa muji wa Kasongo. Jina lake tumeficha, na majina mengine tumeyabadilisha.

Admini, ninaomba uniwekee hii bila jina, juu watu wa kwetu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka makumi tatu na mine, ninakaanga mikate na kuiuza asubuhi. Bwana yangu ananunua zahabu kwa wachimbaji upande wa Lusangi, anaweza kumaliza mwezi muzima bila kurudi. Tuko na binti mumoja, Riziki.

Panya walikuwa wanatumaliza. Walitoboa mifuko ya unga, mpaka wakamuuma Riziki kidole cha muguu akiwa amelala. Mama yangu akaniletea mutoto wa paka kutoka Nyangwe, mweupe kabisa, tukamuita Pamba. Nilimupa samaki kidogo na maji safi kwenye sahani yake, na usiku analala ndani. Panya wakahama.

Mama mukwe alipotoka kijijini kwao, upande wa Kabambare, kuja kukaa kwetu, alimuchukia tangu siku ya kwanza. Alisema, "Paka mwenye kuangalia mutu namna hii, si paka." Nikafikiri ni maneno ya wazee tu.

Siku moja nimetoka sokoni, nikamukuta Pamba chini ya kitanda, analia sauti ambayo sijawahi kusikia. Ngozi ya ubavu ilikuwa inatoka pamoja na manyoya. Mama mukwe amekaa inje, anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza, "Mama, paka amepatwa na nini?" Hakuficha hata kidogo. "Nimemumwagia maji ya moto ya bugali. Kama ni paka, atakufa. Kama ni mutu, kesho tutamuona na alama."

Nilimumwagia Pamba maji baridi polepole huku ninalia. Jirani mumoja alisema nimupake mafuta ya ngazi, yaani mawese, mwingine dawa ya meno. Munganga wa wanyama akakataza vyote viwili. Akaniambia nimusafishe kwa maji yaliyochemuka na kupoa, yenye chumvi kidogo, nimupake asali, nimufunge kitambaa asijilambe. Nilimulisha kwa kidole mpaka akarudi kusimama.

Sasa sikieni. Mutu wa kukaanga mikate, mafuta yanamurukia kila mara. Asubuhi iliyofuata siku ile Pamba aliyounguzwa, yaliniunguza mukono, hapa karibu na kiwiko. Mama mukwe aliliona lile lengelenge, akaacha sahani yake ya chakula, akatoka. Alirudi na shemeji zangu na majirani. Mukono wangu ukazungushwa mbele ya watu kama kitu cha kuuza. "Munaona? Nimeunguza paka, huyu ndiye ameungua."

Niliwaonyesha sufuria. Niliwaonyesha na makovu ya zamani. Shemeji mukubwa akasema, "Kumbe ulianza zamani." Watu wakacheka.

Bwana yangu akapigiwa simu, akaniambia tu, "Enda kwanza kwenu, mambo yatulie." Nilienda Nyangwe nyuma ya pikipiki, Pamba ndani ya kikapu. Riziki walimubakisha, eti nisije nikamufundisha uchawi.

Mungu hakulala. Mama mukwe alianguka, upande mumoja wa mwili ukakufa. Shemeji zangu wote, waliocheka siku ile, kila mumoja akapata safari yake. Bwana yangu akaja mpaka kwa baba yangu, akainamisha kichwa. "Mama hana mutu. Rudi." Nikamujibu, "Nitarudi na Pamba." Akakubali.

Nimerudi. Ninamuosha mama mukwe, ninamulisha, ninamugeuza asipate vidonda. Hapo mutu asinilaumu. Lakini Pamba ninamulaza juu ya kitanda chake. Ule ubavu haukuota manyoya tena, na ninamuweka ili ubavu ule uangaliane naye. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama Riziki, ninakuomba, ondoa." Nikamwambia, "Waite watu wote wa siku ile, useme mbele yao kwamba mimi si muchawi. Siku hiyo hiyo Pamba atatoka." Akageuza uso ukutani. Nilisikia raha. Sitawadanganya, mpaka leo ninasikia raha.

Bwana yangu alipomukuta Pamba pale, aliniuliza, "Unataka kuniulia mama?" Nikamuuliza, "Mimi waliponizungusha mukono, wewe uliuliza nini?" Akataka kumupeleka paka kwa rafiki yake anayekaa kule Wamaza. Nikamwambia pikipiki itakayomubeba Pamba itanibeba na mimi, kisha amuoshe mama yake yeye mwenyewe. Akamuacha Pamba pale.

Shida yangu ni kwamba mudomo wa mama mukwe unazidi kuwa muzito. Maneno yanatoka nusu. Mama Asha, jirani pekee anayeendelea kununua mikate yangu, amenionya: "Akifa na ile paka kitandani, nani atakuamini? Watakuchoma wewe pamoja nayo." Ninajua anasema kweli. Lakini nikimuondoa Pamba, yule mama atakufa vizuri, kwa raha yake, na mimi nitabaki na jina alilonipa. Riziki naye atakuwa mutoto wa muchawi mpaka aolewe, kama kuna mutu atakayemuoa.

Wenye kutaka kuniambia nisamehe, mupite tu, nimeshasikia. Nyinyi wengine munishauri: niwaite watu sasa, hata kama atashindwa kusema mbele yao na wote wanicheke tena? Ama nimutoe paka na kungoja? Munijibu haraka. Jana alitikisa mudomo, nikaweka sikio karibu. Sijui kama alisema "waite" ama alisema "maji". Nilimupa maji.